Kucha za Mkono wa Kulia

Tangu mwezi wa sita Nemesio Cabañas alikuwa akinywa tereré, ile chai baridi ya majani ya yerba, kwa mkono wa kushoto, na watu wa kijiji cha Potrero Guasu, ambao hawapitwi na jambo, walikuwa wameshaona.

Mkono wa kulia ulikaa mfukoni. Pembe ya kinywaji ilipomfikia kwenye duara, aliipokea kwa kushoto, akavuta yale maji baridi kwa mrija mpaka pembe ikakoroma, akairudisha kwa kushoto vilevile. Kwa mtu mwingine jambo hilo lingepita. Lakini mkono wa kulia wa Nemesio ulikuwa kama mali ya kijiji kizima. Ndio uliopiga kinubi harusini kwao, ndio uliopiga walipozika watoto wao wachanga, enzi zile kichanga akifa alipigiwa muziki usiku kucha ili aende kwa furaha. Leo kichanga akifa anazikwa kimyakimya kama paka.

"Mzee Nemesio," alisema Rufo muuza nyama, "humo mfukoni umeatamia mayai? Yakianguliwa usininyime hata kifaranga kimoja."

Watu wakacheka. Nemesio naye akacheka, kicheko kikavu cha mtu anayesubiri wenzake wamalize.

"Mwacheni," alisema Perfecta, mwenye nyumba, huku akijaza tena pembe. "Ule mkono unatunzwa. Tarehe ishirini ya mwezi wa nane utatoka wenyewe, na wewe Rufo utalia kama ulivyolia mwaka jana."

Nemesio akausukuma mkono ndani zaidi mfukoni. Tarehe ishirini ndiyo siku ambayo Toribio, mume wa Perfecta, angetimiza mwaka kaburini. Nemesio na Toribio walipiga pamoja miaka arobaini, mmoja kinubi, mwingine gita, na waliitana kompadre tangu Toribio alipomsimamia binti wa Nemesio ubatizo. Wiki ya mwisho ya uhai wake Toribio alimvuta karibu na kitanda na kumwambia, "Kompadre, mwaka ukitimia, mke wangu akivua nguo nyeusi, unipigie ile polka yangu ya daraja lililovunjika. Peke yako. Kwa kucha zako mwenyewe, si kwa yale maplastiki ya vijana." Nemesio akaapa. Kuapa kulikuwa rahisi, maana siku ile kucha zake zilikuwa nzima.

Kwa mpiga kinubi wa nchi ile, kucha ndiyo sauti. Uzi ukiguswa kwa nyama ya kidole hulia kama mtu aliyefunikwa mto. Ukiguswa kwa kucha huita, na zamani mwito huo ulifika hadi malisho ya pili. Ndiyo maana mafundi wa zamani walizitunza kucha kama mkulima anavyotunza mbegu. Walizinoa kwa jiwe laini la kijito, wakazipaka mafuta ya ng'ombe, na hawakushika kisu wala beseni. Mpiga kinubi hamenyi muhogo, ndivyo walivyosema. Miaka arobaini na miwili Damiana, mke wa Nemesio, alimenya muhogo wote ulioliwa katika nyumba ile, akaosha kila sahani, na Nemesio hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayefanya kazi hiyo; sahani zilikuwa safi kama vile asubuhi inavyokuwa na mwanga.

Damiana alikufa mwezi wa kumi na moja. Siku ya tatu baada ya maziko majirani walirudi makwao, na Nemesio akajikuta amesimama mbele ya beseni. Alianza kuosha. Akamenya, akafua, akaloweka. Mikono iliyokuwa mikavu maisha yote ikawa inashinda majini. Mwezi wa nne akaugua dengi wiki mbili, akapona, akarudi kwenye beseni. Baadaye kidogo aliona kucha ya kidole cha shahada imeanza kuwa nyeupe nchani, kana kwamba hewa imeingia chini yake. Ikafuata ya kidole cha kati. Kisha ya pete, kisha ya gumba. Hazikuuma. Ziliachia tu taratibu, kama rangi inavyobanduka ukutani, na siku moja akigusa uzi mnene kucha ya shahada ikapasuka katikati.

Sasa litakalosemwa hapa Nemesio hakumwambia mtu yeyote kwa muda mrefu.

Kwa miaka kumi alikuwa amewacheka vijana wanaobandika kucha za dukani. Siku hizi kijana anachomeka kinubi kwenye umeme, anawasha muziki uliokwisha kurekodiwa, anapiga nyuzi tatu juu yake, halafu anapigiwa makofi. Nemesio aliwaambia usoni, "Vidole vya sanamu! Nyie mngefaa kusimamishwa dirishani mwa duka la nguo." Mwezi wa sita, siku ya Jumanne, alimwambia Perfecta kwamba anakwenda mjini Villarrica kununua nyuzi. Akapanda basi, akashuka, akazunguka kanisa mara mbili, kisha akaingia kwenye saluni ya wanawake.

"Karibu, babu," alisema msichana wa saluni bila mshangao. "Za miguu?"

"Za mkono. Wa kulia. Vidole vinne."

"Nne tu? Na hicho kidogo tukiache kilie?"

"Hakitumiki," alisema Nemesio, macho sakafuni.

"Haya. Tukuwekee na kiua? Bibi atafurahi."

Wanawake wawili waliokuwa chini ya mashine za nywele walicheka kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko matusi. Alitoka na kucha nne zinazong'aa, na ndani ya koti amebeba gundi na pakiti ya akiba. Nyumbani akajaribu kinubi. Sauti ilikuwa kubwa. Ilikuwa nzuri. Aliichukia.

Alizificha, lakini beseni halikujua siri hiyo. Maji yalipenya chini ya plastiki, yakakaa humo kati ya gundi na kucha iliyokwisha kuachia. Zikilegea, alizibandika tena hata kabla mkono haujakauka. Wiki ya tatu moja ilidondoka yenyewe kwenye bakuli la supu. Chini yake kucha yake halisi ilikuwa ya kijani: si ya manjano, si nyeusi, kijani kabisa, kama ukoga wa birika la ng'ombe, na ilikuwa na harufu. Akazing'oa zote. Zote zilikuwa hivyo.

Tangu siku hiyo mkono ukaingia mfukoni.

Alijaribu ndimu, akajaribu chumvi, akajaribu majani aliyotwangiwa na mama wa sokoni, aliyedanganywa kwamba ni kwa ajili ya miguu. Kijani hakikutoka. Usiku aliwaza ukoma. Babu yake alikuwa akisimulia watu waliopelekwa kwenye kambi ya wakoma wasirudi. Zahanati ilikuwepo, hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake, na humo mlikuwa na muuguzi mmoja. Nemesio angeona heri kutembea kwa miguu hadi Villarrica kuliko kuingia zahanati ile, kwa sababu muuguzi huyo alikuwa Celsa.

Miaka ishirini na moja nyuma Celsa alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwa nao Nemesio, wavulana wakiwemo. Mama yake, Basilia, alikuwa mfuaji. Kila Jumamosi wanafunzi sita walipanga mstari barazani, wazazi wakiangalia, na Nemesio alikagua kucha zao kama sajenti anavyokagua bunduki. Jumamosi moja alifika kwa Celsa. Vidole viwili vilikuwa na mdudu: nyama imevimba kuzunguka kucha, nyekundu, ngozi imeachana na shina, usaha unachungulia pembeni.

Aliushika mkono ule akauinua juu, watu wote wauone.

"Tazameni. Huu ni mkono wa kinubi au wa kuchimbia viazi? Uchafu huu hautagusa nyuzi zangu. Nenda ukamenye muhogo, binti."

Watoto wakacheka. Mama yake alikuwa pale. Celsa aliushusha mkono, akautia kwenye mfuko wa gauni, akaondoka, na hakurudi tena. Basilia aliendelea kufua mashati ya Nemesio wiki mbili zaidi, maana ndivyo walivyokuwa wamepatana, kufua kwa kufundishwa, kisha akayarudisha ya mwisho yakiwa yamepigwa pasi, bila kusema neno.

Basi wiki tatu kabla ya tarehe ishirini, Nemesio alikwenda. Alichagua saa saba mchana, saa ambayo kijiji chote kimelala na hata mbwa hawabweki. Celsa alikuwa peke yake, anapanga vichupa kabatini.

"Ingia, mwalimu."

Hakuna aliyemwita hivyo siku nyingi. Akaketi.

"Nimekuja kwa ajili ya jamaa yangu mmoja," alisema Nemesio. "Ana matatizo ya kucha. Nikasema nikuulize."

"Pole yake. Zikoje?"

"Zimeachia. Halafu zimekuwa… zina rangi."

"Rangi gani?"

"Kama kijani hivi."

Celsa alifunga kabati. "Na huyo jamaa yako, kucha zake amekuachia wewe uzibebe mfukoni?"

Nemesio akautoa mkono, akauweka mezani, akageuza uso ukutani kama anayechomwa sindano.

Celsa hakushtuka. Alivuta taa, akashika kidole kimoja kimoja, akabonyeza, akanusa. Kisha akaomba na mkono wa kushoto, uliokuwa mzima, akaupeleka chini ya mwanga.

"Uliugua sana miezi mitatu minne iliyopita?"

"Dengi. Nani kakwambia?"

"Kucha zako. Tazama huu mfereji unaokata katikati, kila kidole. Mwili ulisimamisha kazi wiki ile, kucha ikaota nyembamba. Kucha haisahau, inasogea tu. Huku kulia sitaona, umezitesa."

"Ni ukoma?"

"Ukoma! Wewe mzee una vituko. Ni vijidudu vinavyopenda unyevunyevu. Vimepata nyumba chini ya kucha iliyoachia, na wewe ukavijengea na paa. Ulibandika za dukani?"

Uso wa Nemesio ulijibu.

"Haya. Sikiliza, nikueleze mara moja. Hii ngumu unayopigia kinubi ni kitu kilichokufa. Haina damu, ukiikata huumii. Kilicho hai kiko nyuma, hapa chini ya ngozi." Alibonyeza juu kidogo ya shina la kucha. "Huu ndio mzizi. Kucha inasukumwa kutoka humu, kama jani jipya la mgomba. Huu weupe wa mwezi mchanga ni mzizi unachungulia. Na hii nyama nyekundu chini yake ni kitanda. Kucha ikilala kitandani vizuri, iko salama. Ukishinda majini kila siku, inaachia kitanda. Na ikishaachia hairudi kushikana, hata uombe watakatifu wote. Lazima iote nyingine."

"Muda gani?"

"Kwa mwezi milimita tatu. Wewe na umri wako, pungufu. Kucha nzima, nusu mwaka au zaidi."

"Nina wiki tatu."

"Najua. Kijiji kizima kinajua." Bado alikuwa ameshika kidole. Alipitisha ncha ya ukucha wake juu ya kile kigozi chembamba kinachopakana na shina. "Na hiki hapa. Wewe ulitufundisha tukisukume nyuma kwa kijiti kila Ijumaa, tukikate, ili kucha ionekane ndefu."

"Ndivyo nilivyofundishwa mimi."

"Hicho ndicho kizibo, mwalimu. Kinazuia maji na uchafu visiingie kwenye mzizi. Mtu asiyefua anaweza kukikata asidhurike. Mtu anayefua akikikata…"

Hakumaliza, akaanza kutafuta mkasi. Lakini Nemesio alikuwa amekwisha kumaliza mwenyewe. Aliona beseni la Basilia, na Celsa akifua kando ya mama yake. Aliona kijiti alichompa mtoto kwa mkono wake mwenyewe, na ile amri ya Ijumaa jioni: sukuma, kata, kesho nikague. Na ndani ya maji ya beseni lile, mashati yake. Ule mkono aliouinua juu mbele za watu, mdudu wake ni yeye aliyemsababisha.

"Celsa," alisema.

"Usitikisike. Nitakukata."

Alikata kila sehemu iliyoachia, hadi pale kucha iliposhika kitanda. Haikuuma hata kidogo. Vipande vya kijani vilidondoka kwenye sinia, na vidole vinne vikabaki na vijikucha vifupi kama vya mtoto mchanga.

"Utaloweka kwenye siki na maji dakika tano, mara mbili kwa siku, na matone haya. Baada ya hapo kavu. Ukiosha vyombo, vaa glavu. Na gundi usiguse."

"Siku moja tu," alisema Nemesio. "Tarehe ishirini. Nibandike asubuhi, nizitoe jioni."

Celsa alikunja sinia lile la karatasi pamoja na vipande ndani yake. "Nitakuzuia mimi? Gundi iko kwako. Mimi nimekwambia vijidudu vinapenda nini."

Alifika nyumbani bila kusema lile neno la kuomba radhi. Alijiambia kwamba pale hapakuwa mahali pake. Kwamba alimkosea hadharani, basi hadharani ndipo patakapofaa. Lilikuwa wazo la kiungwana, na lilimpa nafasi ya kuchelewa.

Wiki tatu zikapita. Kucha za akiba zilikuwa kwenye kopo la yerba, juu ya rafu, na kila asubuhi alilitazama kopo lile. Alifikiria kuugua. Alifikiria kuteleza kisimani na kuvunja mkono. Mtu aliyevunjika mkono haulizwi kuhusu kucha. Asubuhi ya tarehe ishirini alizimwaga mezani, nne, zinang'aa, na akafungua gundi. Harufu yake ikamkumbusha ile nyingine. Tena akamkumbuka Toribio: kwa kucha zako mwenyewe. Akaifunga gundi. Akakitupia kinubi begani, akatoka na mkono nje ya mfuko.

Uani kwa Perfecta rozari ilikuwa imekwisha na chipa, vile vimkate vya jibini, zilikuwa zikitoka jikoni zingali moto. Perfecta alikuwa amevaa gauni la bluu, la kwanza lisilo jeusi. Gita la Toribio liliegemezwa kwenye kiti kitupu. Celsa alisimama karibu na mlango wa jiko akiwasaidia akina mama, mikono imejaa unga.

Rufo ndiye aliyeona kwanza. "Eh! Kumbe yameanguliwa! Vifaranga wako wapi?"

"Hakuna vifaranga," alisema Nemesio, akaketi nyuma ya kinubi. Akaunyanyua mkono wa kulia juu, kama alivyounyanyua ule mwingine zamani. "Kucha zimeoza. Nilienda mjini nikabandika za plastiki, mimi niliyewatukana vijana wenu. Zikaoza chini yake. Sina kucha."

Hakuna aliyecheka. Na Nemesio, akiona ulimi umefunguka, akaendelea.

"Tena kuna jambo jingine. Mnamkumbuka Celsa wa Basilia alipokuwa mwanafunzi wangu? Alikuwa na mdudu, vidole vinatoa usaha, nikamfukuza mbele zenu kwa kumwita mchafu. Yule mdudu mimi ndiye niliyemsababishia. Nilimfundisha vibaya, na alikuwa anafua mashati yangu."

Alikuwa amengoja jambo fulani baada ya maneno hayo, wepesi fulani. Alichopata ni hiki: watu wote uani, wazee waliokwisha kusahau na vijana ambao hawakuwahi kujua, waligeuka kwa pamoja wakamtazama Celsa. Hawakumtazama usoni. Walitazama vidole vyake. Muuguzi aliyewazalisha wake zao na kuwafunga vidonda alisimama pale mlangoni, na taratibu, bila kujua anachofanya, akaingiza mikono yake yenye unga kwenye mifuko ya aproni.

Nemesio aliona. Ni yeye peke yake pale aliyejua maana ya mkono ulio mfukoni.

Akaegemeza kinubi begani, akapiga. Alipiga polka ya daraja lililovunjika kwa nyama ya vidole. Sauti ilikuwa ndogo, nene, haina makali. Mbwa wa jirani alibweka na kufunika mapigo manne mazima. Pale katikati, mahali ambapo mkono wa kulia hukimbia na Toribio alikuwa akiusubiri kwa gita, vidole viliteleza na wimbo ukachechemea kama punda mzee. Watu walisogeza viti mbele ili wasikie. Alimaliza. Perfecta alifuta macho, akasema, "Toribio angecheka sana," na huenda hiyo ilikuwa sifa.

Baadaye, watu walipokuwa wakila, alikwenda nyuma ya nyumba. Celsa alikuwa kwenye beseni, amevaa glavu za mpira, anaosha sahani.

"Jambo langu," alisema Celsa bila kugeuka, "watu walikuwa wamelisahau. Ilinichukua miaka."

"Nilitaka kuomba radhi."

"Ulikuwa unawaomba wale uani. Mimi hukuniomba."

Nemesio alisogea, akanyoosha mkono achukue sahani majini.

"Wee! Mkono huo usiguse maji. Chukua kitambaa, ufute."

Akachukua kitambaa. Akafuta sahani ya kwanza, ya pili, polepole, maana hakuwahi kuwa hodari wa kazi hiyo. Wakati wa ile ya tatu alianza kusema, kwa sauti ndogo kuliko ya kinubi chake siku ile, maneno aliyopaswa kuyasema barazani miaka ishirini na moja nyuma. Yalitoka vibaya, yakakatika, akarudia mwanzo.

Celsa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama sahani ambayo Nemesio alikuwa ameiweka juu ya nyingine, akamrudishia.

"Hii bado ina maji," alisema. "Ifute tena."